Pale Kompyuta Ilipozimikia

Juzi mwalimu wetu wa kompyuta alifungua mashine moja ya maabara iliyokuwa inanguruma kama kinu cha posho. Akalowesha pamba kwa spiriti, akaanza kufuta kitu cha kijivu kilichokuwa kimekauka juu ya prosesa. Wenzangu nyuma walikuwa wanapiga stori zao. Mimi ile harufu ilinishika nikasahau niko wapi. Spiriti, vumbi lililoungua, na kitu kingine kama chuma kilicholala juani. Nikajipata tena kwenye sakafu ya nyumba yetu ya Kapsoya, hapa Eldoret, nina miaka kumi hivi, mikono iko juu, nimeshikilia kitu ambacho sikutaka kishikike.

Mwalimu aliuliza kama kuna mtu amewahi kuona kazi hiyo ikifanywa. Sikuinua mkono. Mimi si mtu wa kuongea. Hata jina langu likiitwa kwa rejista huwa naitikia kwa sauti ambayo mwalimu lazima aitafute. Lakini kwa karatasi nasema, na hii nataka kuisema yote, maana nafikiri kila mmoja wetu ana kitu alichokielewa vibaya akiwa mdogo na hajawahi kumwambia mtu.

Kompyuta yetu ilikuwa nzee. Mjomba aliiacha kwetu alipohamia Kitale, sanduku kubwa jeusi lenye ubavu wa bati, na Mama akaipa heshima ile ile aliyoipa televisheni na redio: akaishonea kitambaa. Mnavijua vile vitambaa vya uzi mweupe vyenye maua, vinavyokaa juu ya kila kitu sebuleni. Cha kompyuta kilikuwa kikubwa. Kilishuka mpaka nyuma, kikafunika matundu yote ambayo mashine ilikuwa inapumulia, kwa sababu Mama alisema vumbi la Kapsoya linaingia hata ndani ya yai.

Aliyeitumia ni dada yangu Jerotich, ambaye sote tunamwita Jero. Alikuwa amemaliza sekondari, anangoja kuitwa chuo, na vijana wa kanisa walikuwa wanamwazima kamera yao. Alipiga video za harusi na za ubatizo, na mara nyingi zaidi za mazishi. Kwetu mazishi lazima yawe na video, maana siku zote kuna mtu aliye mbali ambaye hakufika.

Safari hii mazishi yalikuwa ya Baba Wanjiru.

Baba Wanjiru ndiye alikuwa na duka pale kona. Watu wazima wengi wakikutana na mtoto asiyeongea wanamshika kidevu, "Kwani huyu ni bubu?" Yeye aliufanya uoga wangu kuwa mchezo. Nikifika, anaweka viwiko juu ya kaunta ananitazama kama daktari. "Mkate." Natikisa kichwa. "Unga." Natikisa. "Basi ni ng'ombe! Shero, Mama amekutuma ng'ombe!" Mimi ni Chero, lakini kwa ulimi wake wa Kikuyu nilikuwa Shero, na nililipenda hilo jina kuliko langu. Hapo nacheka mpaka nashika kaunta, naye anaingiza mkono kwa friji anatoa maziwa, kama mtu aliyejua tangu mwanzo.

Aliugua, wakampeleka hospitali, hakurudi. Duka likafungwa. Walimzika shambani kwake Burnt Forest, na mimi nikaachwa kwa jirani kwa sababu kulikuwa na mtihani. Kwa hivyo mazishi yake sikuyaona kwa macho. Niliyaona kwa kompyuta, na ndiyo sababu yaliingia kichwani mwangu vile yalivyoingia.

Kulikuwa na mtu mwingine ambaye hakuyaona. Wanjiru mwenyewe, binti yao wa pekee, alikuwa Saudia akifanya kazi ya nyumba. Bosi wake alikataa kumwachilia aje, na simu alikuwa anapewa siku ya Ijumaa peke yake. Mama Wanjiru alikuja kwetu jioni moja, akakaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayepita tu.

"Huyu mtoto haamini," alimwambia Jero. "Kila Ijumaa ananiuliza Baba yuko aje. Namwambia, Wanjiru, si tulizika? Ananyamaza. Halafu ananiambia, haya Mama, mpatie simu nimsalimie. Sasa mimi nitampatia nani simu? Nipatie hiyo video aone na macho yake. Ijumaa hii isipite, Jero wangu. Naogopa kichwa chake kitaharibika huko peke yake."

"Haitapita, Mama Wanjiru."

Shida ni kwamba video, vile ilivyotoka kwa kamera, ilikuwa nzito sana. Walijaribu kumtumia kipande, simu ya Wanjiru ikakataa kukifungua. Ilibidi kompyuta iisage yote iwe ndogo. Jero aliita kazi hiyo kupika. Unaweka video, unabonyeza, halafu mstari wa kijani unaanza kutambaa polepole kama konokono, na kando kuna kadirisha kadogo ambapo unaona picha zikipita bila sauti.

Nilikaa na Jero tukaangalia ikipikwa. Niliona hema, viti vya plastiki, pasta akifungua na kufunga mdomo, wanakwaya wameficha mikono ndani ya masweta kwa sababu ya baridi. Niliona sanduku la Baba Wanjiru likibebwa kando ya mahindi machanga. Niliona wanaume wakipitisha kamba chini yake. Likaning'inia juu ya shimo, likaanza kushuka, na kompyuta ikazimika. Pap! Skrini ikawa nyeusi, na ndani yake tukawa tunajiona sisi wawili tumeachama.

"Ai," Jero alisema.

Baada ya chai akawasha, akaanza upya. Hema. Viti. Pasta. Sanduku, kamba, shimo. Pap! Mahali pale pale.

Jero aliweka kiganja kwenye ubavu wa bati, akakitoa haraka. "Ni joto. Hii kitu inachemka."

"Joto gani?" Mama aliuliza kutoka jikoni. "Eldoret hii watu wanalala na soksi, wewe joto umelitoa wapi?"

Jero akaeleza. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na ukiupa kazi nzito unapata moto. Moto ukizidi, mashine inajizima yenyewe isiungue. Inachukua muda ule ule kuchemka, ndiyo maana inafika pale pale inazimika. Mama akakubali kutoa kitambaa, akakikunja kwa uchungu. Haikusaidia. Tukasogeza meza mpaka dirishani, tukafungua dirisha, mvua ikatunyunyizia. Haikusaidia. Jero akasema tutafute feni ya kupepea, na hapo ndipo unajua uko Eldoret: nilitumwa nyumba baada ya nyumba na karatasi, kwa vile sikuweza kuuliza kwa mdomo, na hakuna mtu mtaa mzima aliyekuwa na feni. "Feni ya nini, mtoto?" mama mmoja aliniambia. "Mko na mgonjwa?"

Mwishowe nilipewa sinia ya plastiki nipepee, vile unavyopepea jiko la makaa. Nilipepea mpaka mabega yakaniuma. Sanduku lilishuka kidogo zaidi kuliko mwanzo, kamba zikakaza mikononi mwa wale wanaume, halafu, pap!

Jero akabadilisha akili. Akasema, badala ya kuanza kwa hema, tuanzie kaburini moja kwa moja, tupike vipande. Ikazimika haraka zaidi. Kwake hiyo ilikuwa hesabu rahisi tu, mashine ilikuwa bado na moto wa ile kazi ya kwanza. Kwangu ulikuwa ushahidi.

Kwa sababu mimi nilijua kitu ambacho wao hawakujua. Haikuwa joto. Ni Baba Wanjiru aliyekuwa hataki. Kwa hema alikubali, kwa nyimbo alikubali, kubebwa kando ya mahindi alikubali, lakini kushushwa alikataa, na mtu akikataa unamlazimishaje? Nilikuwa nimeona jinsi mashine ilivyopata moto, na moto huo nilijua ni wa nani. Ni wake. Ni hasira ya mtu mpole, ile inayokuja mara moja kwa mwaka.

Na niseme ukweli, kila ilipozimika moyo wangu ulifurahi kidogo. Nilipofikiria kwa akili yangu ya wakati ule, kitu ambacho hakijaonekana hakijatokea. Baba Wanjiru alikuwa bado juu ya shimo. Acha abaki hapo na kamba zake, hajaenda, na duka limefungwa tu kwa muda. Sikufikiria Wanjiru kule Saudia anafikiria vile vile.

Siku moja kabla ya ile Ijumaa, Jero alienda mtaa wa West Indies kwa rafiki yake Brayo, kijana wa kucheza magemu ambaye alikuwa amepata mashine mpya. Akarudi na kitu amekifunga ndani ya sweta kama mtoto. Alipokifungua nilidhani ni kipuri cha trekta. Ulikuwa mnara wa kupoza prosesa, mabati membamba mengi, yamepangwa yakabanana kama kurasa za Biblia, mabomba ya shaba yamepita katikati, na kando feni kubwa kama sahani ya wali. Ile feni ya zamani ya kompyuta yetu ingekaa chini yake kama kifaranga chini ya kuku.

Mama aliuzunguka ule mnara. "Hii yote iingie hapo ndani?"

"Brayo amesema inaingia kwa bodi yoyote."

"Brayo alisema pia ameokoka."

Jero hakujibu. Alilaza kompyuta ubavu, akaifungua. Vumbi lilitoka kwa mafungu, laini kama manyoya ya sungura. Akaanza kung'oa feni ya zamani. Ilikuwa imesimama kwa miguu minne ya plastiki, kila mguu umesukumwa kwa tundu lake kwenye bodi, ile sahani ya ndani inayobeba prosesa, ukajishika huko. Mitatu ilitoka kwa kelele. Wa nne ulitoka bila kuguswa, ulikuwa umevunjika kitambo.

"Ona," Jero alisema. "Ilikuwa imekaa upande upande. Haikuwa inagusa prosesa vizuri, ndiyo maana moto ulikuwa hautoki."

Niliangalia ule mguu uliovunjika. Sikuamini. Kitu kidogo vile, cha plastiki, hakiwezi kuwa sababu ya jambo kubwa vile.

Juu ya prosesa kulikuwa na krimu ya kijivu iliyokauka kama simenti. Jero aliifuta kwa pamba na spiriti mpaka chuma kikaanza kung'aa na maandishi madogo yakatokea. Hiyo ndiyo ile harufu. Halafu akachukua mnara, akauweka juu, akatafuta miguu yake. Hauna miguu. Ulikuja na mfuko wa vyuma vya kila umbo, na bamba la chuma lenye mikono minne kama buibui aliyepoteza nusu ya miguu. Alikaa chini akavipanga sakafuni, akavigeuza, akampigia Brayo simu. Brayo akasema, ah, kwa bodi za zamani hilo bamba linakaa nyuma, halafu skrubu zinatoka mbele zinalifuata. Lakini sanduku la kompyuta yetu nyuma halikuwa limekatwa dirisha. Lazima bodi nzima itolewe.

"Toa basi," Mama alisema.

"Mama, nikiivunja hatuna kompyuta. Na kesho ni Ijumaa."

"Kwani usipoitoa tuko na kompyuta?"

Jero alipiga picha kila waya kwa simu yake, akachomoa mmoja mmoja. Skrubu alinipa nizishike ndani ya kifuniko cha mkebe wa siagi, na mimi nilizihesabu kwa kidole, si kwa sababu aliniambia, bali nilihitaji kitu cha kufanya. Bodi ilipotoka ilionekana nyembamba na ya kuonea huruma, kama samaki aliyetolewa miiba.

Mara ya kwanza aliweka skrubu kwa matundu mabaya. Kila mkono wa lile bamba ulikuwa na matundu matatu, na yeye akachagua ya katikati kwa sababu yalionekana ya heshima. Skrubu zikainama. Akazitoa, akajaribu ya ndani kabisa, na zikasimama wima kama askari. Bodi yetu ilikuwa nzee kuliko alivyodhani. Akatia krimu mpya juu ya prosesa, kipunje tu kama cha mchele. Nilipotaka kuitandaza kwa kidole alinipiga kibao cha mkono. "Hapana! Hatupaki mkate hapa."

Sasa shida ikabaki moja. Mnara ulikuwa mzito, unataka mikono yote miwili kuusimamisha na kuukaza kutoka juu, na bamba la chini lilikuwa linaanguka. Zamani lilikuwa na gundi, lakini gundi iliishia kwa Brayo. Jero akaweka bodi juu ya stuli mbili zilizoachana kidogo, mnara juu yake, na katikati ya stuli kukabaki nafasi nyembamba ambayo mkono wa Mama haukuweza kupita bila kuisukuma bodi. Wote wawili wakaniangalia.

Nikaingia. Nilikaa sakafuni kati ya zile stuli nimeinua mikono, nikalisukuma bamba juu kwa viganja. Nyuma ya bodi kuna vichwa vidogo vya risasi ya kuunganishia waya, vikali kama ndevu za mtu aliyenyoa juzi, vinachoma.

"Shika kabisa. Usiachilie mpaka nikuambie."

Nilishika kwa nusu ya moyo. Nilikuwa naelewa vizuri sana kile tunachofanya. Huu mnara ukikaa, Baba Wanjiru atashuka. Kila Jero alipojaribu kuingiza skrubu, bamba lilikuwa limehama kidogo, halishiki. "Chero! Sukuma juu, bana!" Nikasukuma, lakini mikono yangu ilikuwa inataka kitu kingine, na skrubu ikakosa tena.

Hapo mlango ukagongwa. "Hodi wenyewe."

Kutoka chini niliona gambuti mbili zikiingia, zina matope mekundu mpaka kwenye kifundo. Mama Wanjiru alikuwa ametoka Burnt Forest siku hiyo. Mama akamvutia kiti. Mimi hakuniona, kulikuwa na stuli, na kitambaa cha Mama kilichokuwa kimetupwa juu ya moja.

"Ngai! Mmeipasua tumbo?"

"Tunaitengeneza, Mama Wanjiru," Jero alisema. "Ilikuwa inazimika."

"Inazimika wapi?"

Bisibisi ya Jero ikasimama. "Pale... Pale akishushwa."

Nikajua sasa ndiyo hiyo, atasema kile ninachojua, kwamba mzee amekataa. Badala yake nikamsikia akicheka kidogo kwa pua.

"Huyo mzee," alisema. "Huyo mzee alikuwa anachukia kusimamishwa njiani! Mama Jero, wewe si unamjua? Tukienda nyumbani, gari likisimama kidogo tu watu wanunue viazi, ataanza. Twendeni! Kwani nyinyi hamna kwenu? Chai hanywi. Mtu akimsalimia dirishani hajibu vizuri. Mpaka afike, avue koti, ashike jembe lake. Hapo ndiyo unaona mtu amepumua."

"Namjua," Mama alisema.

"Mwaka ule mbaya wa kura tulifukuzwa pale, nyumba ikabaki jivu. Nikamwambia tuuze hiyo shamba, tukae town, tuna duka. Akakataa. Akasema, mimi nitalala kwangu."

Mama yangu ni Mkalenjin, na waliowafukuza walikuwa wa kwetu, kwa hivyo mwaka ule ukitajwa mbele ya Mama Wanjiru huwa anakosa pa kuweka mikono. Kisha nikasikia kiti kikiburutwa, nikaona malapa yake yakisogea sakafuni mpaka yakagusana na zile gambuti, na yakakaa hapo.

"Alifika, Mama Wanjiru," Mama alisema polepole. "Tulimfikisha, na wewe na mimi."

"Mlimfikisha. Lakini msichana wangu amemsimamisha hapo juu ya shimo, hataki apite. Na sasa mashine pia." Sauti yake ikakatika. "Muacheni mzee afike kwake, jameni."

Mimi huko chini niliona kitu kikigeuka kichwani mwangu kama mtu anayejigeuza kitandani. Kumbe hakuwa anakataa. Alikuwa anajaribu kupita, sisi ndio tulimzuia! Ule moto ulikuwa wa mtu aliye garini anaambiwa ngoja kidogo, ngoja kidogo, na kwake anakuona pale mbele. Leo najua hiyo pia haikuwa kweli, ilikuwa mguu wa plastiki. Lakini nilisukuma lile bamba kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, mpaka vile vichwa vya risasi vikaniingia viganjani.

"Chero, umeshika?"

"Nimeshika!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Gambuti ziliruka. "Yesu! Kumbe kuna mtu huko chini?"

"Ni Chero," Mama alisema.

"Shero wa mzee? Huyu anaongea?"

Skrubu ya kwanza ikashika. Jero alikaza kidogo, akaruka kona iliyo mbele yake, akakaza kidogo, akarudi, vile wanaume wanavyokaza nati za gurudumu ili lisikae upande. Nilisikia bamba likivutwa juu, likiniacha, likijishika lenyewe. "Achilia," Jero alisema. Niliachilia polepole, kidole kimoja kimoja, na halikuanguka.

Kurudisha bodi kulichukua muda mrefu zaidi kuliko kuitoa. Mnara ulikuwa mnene ukafunika nafasi moja ya kumbukumbu, ikabidi kadi moja ya RAM itolewe, Jero akasema basi, itapika polepole lakini itapika. Halafu ubavu wa bati ukakataa kufunga. Mnara ulikuwa umechungulia nje kama tumbo la mjamzito kwenye sweta ndogo. Mama aliona huruma au aibu, sijui, akakiokota kitambaa.

"Basi nifunike hapa. Imekaa uchi mbele ya mgeni."

"Mama! Tafadhali!"

Hata Mama Wanjiru alicheka, akajipangusa macho kwa ncha ya leso.

Jero akabonyeza. Feni kubwa ikaanza kuzunguka, haina kelele, unasikia upepo tu kama mtu anayepuliza chai. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Hakuna aliyetoka. Hema ikapita. Viti, pasta, wanakwaya. Sanduku likaja kando ya mahindi. Jero alikuwa ameweka mkono karibu na mabati, na kila mara alisema, "Baridi. Bado baridi." Mama Wanjiru hakuwa anatazama mkono wa Jero. Kamba zikapita chini ya sanduku. Likaning'inia. Likaanza kushuka, na mimi nikashika pumzi nikingoja giza.

Giza halikuja. Sanduku liliendelea kushuka mpaka lisionekane, na wale wanaume wakalegeza, wakavuta, na kamba zikarudi juu zikiwa tupu.

"Amefika," Mama Wanjiru alisema.

Nililia. Ndiyo mara ya kwanza nilimlilia. Lakini kitu kilichonishangaza ni kwamba picha zilikuwa bado zinakuja. Mimi nilidhani hapo ndipo mwisho wa kila kitu, sikujua kuna mbele. Kulikuwa na majembe na udongo mwekundu, na maua ya karatasi, halafu Jero akasahau kuzima kamera, ikawa inatembea mkononi mwake. Mahindi yakapita kichwa chini. Mbwa akapita. Foleni ya chakula, mzee mmoja akibishana na mpakuzi kwa sababu ya nyama, watoto wakifukuzana kati ya makaburi ya zamani, na mvua ikianza tena.

"Hiyo nitaikata," Jero alisema.

"Usikate," Mama Wanjiru alisema. "Tuma yote."

Ijumaa alikuja kwetu na simu yake, akaiweka juu ya meza, maana alisema hawezi kuipokea akiwa peke yake. Video ilikuwa imetumwa asubuhi. Tulikaa tu. Chai ikapoa. Simu ilipolia, Mama ndiye aliyebonyeza ya sauti kubwa kwa sababu vidole vya Mama Wanjiru vilikuwa vimekataa.

"Mama."

"Wanjiru."

"Nimeona."

Kule kwake kulikuwa na mlio wa mashine ya kufua nguo, unazunguka, unazunguka.

"Mama, hayo mahindi ya nyuma ya kaburi ni yetu?"

"Ni yetu."

"Mbona yako hivyo?" Sauti ilikuwa imepanda, ina ukali, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta vyombo havijaoshwa. "Magugu yanalingana na mahindi! Kwani hakuna mtu anapalilia? Mama, mtavuna nini?"

Mama Wanjiru aliitazama ile simu mezani.

"Wanjiru," alisema, "si unisaidie. Ni nani alikuwa anapalilia?"

Mashine ya kufua ikazunguka. Kisha ikasimama, au labda aliizima.

"Ni Baba," Wanjiru alisema. "Ni Baba alikuwa anapalilia." Na akaanza kulia, kilio kikubwa kisicho na haya, na mama yake akaichukua simu kutoka mezani, akaiweka begani mwake vile unavyoweka mtoto, akamwacha alie.